Chunguza macho nyumbani: lako, la paka, la mbuzi na la pweza

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachunguza macho, na hatuhitaji maabara. Tafuta kioo, karatasi nyeupe, kalamu nene, rula na simu yenye tochi. Kama hapo nyumbani kuna paka, mbuzi au kuku, umekamilika kabisa. Kabla hatujaanza nasisitiza: tochi haimulikwi ndani ya jicho kwa karibu, liwe la mtu au la mnyama, na jua halitazamwi hata kwa sekunde moja. Watoto wawe na mtu mzima.

Tuanze na jicho lako mwenyewe. Ingia kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kaa dakika chache, halafu simama mbele ya kioo. Duara jeusi lililo katikati ya jicho ndilo mboni. Wengi hudhani ni kitu cheusi kilichokaa pale. Mboni ni tundu, na weusi unaouona ni giza la ndani ya jicho. Sehemu ya kahawia inayoizunguka inaitwa irisi, na ndani yake kuna misuli. Sasa mwambie mwenzako awashe taa ya chumba huku wewe ukiendelea kutazama. Umeona? Mboni imesinyaa papo hapo. Gizani inaweza kupanuka hadi kufikia milimita 8, na kwenye mwanga mkali ikabaki na milimita 2 hivi. Sasa ziba jicho moja kwa kiganja, kisha ondoa mkono ghafla. Itazame mboni ya jicho ambalo hukuliziba: nayo inasinyaa kidogo, kwa sababu macho mawili hupokea amri pamoja.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Miaka elfu moja hivi iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alionyesha kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Moja ya hoja zake ni ile unayoijua mwenyewe: ukitazama mwanga mkali, jicho linauma. Basi mwanga hupita kwenye mboni, lenzi inaukusanya, na picha inaangukia kwenye retina, ule utando wa nyuma, ikiwa juu chini. Ubongo ndio unaotuonyesha dunia iliyosimama wima.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua karatasi. Upande wa kushoto chora msalaba mdogo. Pima sentimita 8 kwenda kulia, uchore nukta nene, upana wake nusu sentimita. Nyoosha mkono ukiwa umeshika karatasi mbele yako. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia utazame msalaba tu, kisha isogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Ikifika kama sentimita 30 kutoka kwenye jicho, nukta inatoweka! Ukiisogeza karibu zaidi, inarudi. Ikikataa kutoweka, ujue jicho limeteleza likaenda kuitazama nukta, na hilo humpata karibu kila mtu mara ya kwanza. Simamisha video, rudia taratibu.

Sasa piga mstari mrefu unaopita katikati ya nukta, ujaribu tena. Nukta inapotea, lakini mstari unauona umenyooka bila pengo. Ubongo umejaza mahali ambapo jicho halioni kitu.

Sababu ni hii. Nyuzi za neva zinazobeba habari kwenda kwenye ubongo zimelala mbele ya seli zinazopokea mwanga. Ili zitoke nje ya jicho, lazima zikusanyike na kupenya retina mahali pamoja, na hapo hakuna seli hata moja ya kuonea. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hilo katika miaka ya 1660. Ukiwa umefumbua macho yote mawili hulihisi, kwa kuwa kila jicho linaona pale ambapo mwenzake haoni.

Ukipita soko la samaki, msimamie pweza aliyetoka kuvuliwa na umtazame jicho. Mboni yake ni ufa mlalo, lakini jambo kubwa hulioni kwa nje: neva zake zimepita nyuma ya seli za kuonea, kwa hiyo hana doa kama letu. Sisi tukitaka kuona cha karibu, lenzi inabadilika umbo. Yeye huisogeza lenzi mbele au nyuma. Ukoo wake na wetu ulitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na kila upande ukajiundia jicho lake. Kwangu hili ni la ajabu kuliko mengi tunayofundishwa kuhusu viumbe.

Hatua ya tatu, paka. Mchana, akiwa amekaa karibu na dirisha, mboni yake ni mstari mwembamba uliosimama wima. Usiku, simama mita kadhaa kutoka alipo, weka tochi kando ya jicho lako, kisha pitisha mwanga taratibu upande wake, usikae nao usoni kwake. Macho yatawaka kijani au manjano. Tochi lazima iwe karibu na jicho lako, kwani mwanga hurudi njia ileile ulikopita. Nyuma ya retina ya paka kuna utando unaorudisha mwanga, ili ule uliozikosa seli mara ya kwanza uzipitie tena. Mbwa, ng'ombe na komba wanao pia. Sisi hatuna, wekundu wa macho kwenye picha za flashi ni damu iliyo nyuma ya jicho.

Mbona simba, aliye wa ukoo wa paka, ana mboni ya duara? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilinganisha aina 214 za wanyama. Mboni za wima walizikuta zaidi kwa wawindaji wa kuvizia walio wafupi, wenye macho karibu na ardhi. Simba ni mrefu mno kwa hilo.

Sasa twende kwa mbuzi. Mboni yake ni mlalo, mfano wa tundu la kibubu. Chuchumaa ubavuni kwake, umrekodi kwa simu akiwa ameinua kichwa, halafu akiinama kula majani. Ukirudia kuitazama video utashangaa: kichwa kimeelekea chini, lakini mboni bado imelala sambamba na ardhi. Jicho lenyewe limejizungusha kwenye tundu lake, hata nyuzi 50. Mboni ya hivyo humwonyesha vizuri upeo wa mbele na wa pembeni, anakotokea adui, na hupunguza mwanga wa jua la utosini. Kwa kuwa macho yapo pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote. Jaribu kumnyemelea kwa nyuma, atahama kabla hujamgusa.

Tumalizie kwa kuku. Msogelee, utaona utando mweupeweupe ukipita haraka juu ya jicho kutoka upande wa mdomo: hiyo ni kope ya tatu, inalisafisha jicho bila kulifunga. Kuku ana aina nne za seli za kutambua rangi pale ambapo sisi tunazo tatu na mbwa mbili, na anaona hata miale ya urujuanimno (ultraviolet) ambayo sisi hatuioni. Jioni ndipo anapozidiwa. Leo, wakati kuku wako wanaingia bandani, toka nje na gazeti. Utakuta bado unasoma bila taabu, ilhali wao wameshatafuta pa kulala, maana kwenye mwanga hafifu jicho lao halifui dafu kwa letu.