Gunia Kwanza, Bei Baadaye: Mhadhara juu ya Vitabu vya Mchumi

Wazee, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Wengine mmetoka moja kwa moja soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na mnawaza daladala ya kurudi, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Swali lililoletwa mezani ni mchumi asome nini. Jibu linalotarajiwa ni orodha ya vitabu vya uchumi. Vipo, na vichache nitavitaja. Lakini kitabu ninachokiweka juu kabisa kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini kinahusu madebe na mizani. Mwandishi wake ni Witold Kula, mwanahistoria wa uchumi wa Poland. Kilitoka kwa Kipolandi mwaka 1970, na tafsiri ya Kiingereza, Measures and Men, ikafuata mwaka 1986.

Kula anauliza: ilikuwaje Ulaya ya zamani bei ya mkate ikae palepale mwaka hadi mwaka, ilhali mavuno yalipanda na kushuka? Jibu lake ni kwamba bei haikuguswa, mkate ndio uliopungua. Nafaka ilipoadimika, mwokaji aliuza mkate mdogo kwa sarafu ileile. Watu walizoea bei moja, na badiliko lolote la bei liliwasha ghasia. Basi kilichotakiwa kubadilika kikabadilikia kwenye kipimo.

Halafu anaingia ghalani. Bwana mwenye ardhi alipopokea nafaka ya kodi kutoka kwa mkulima, kipimo kilijazwa mpaka kikaota kichuguu juu. Alipouza au kukopesha, kilipitishwa kijiti kikasawazishwa mdomoni. Zilikuwepo na mbinu ndogondogo: nafaka ikimwagwa kutoka kimo cha bega inajishindilia, ikimwagwa taratibu karibu na mdomo wa chombo inakaa kwa nafasi. Na umbo la chombo lina kazi yake, jambo mnaloweza kulijaribu nyumbani na ndoo mbili.

Chukua ndoo mbili za lita 20, moja ina mdomo wa sentimeta 30, nyingine fupi pana yenye mdomo wa sentimeta 40. Jaza mahindi mpaka yaanze kumwagika. Mahindi makavu hujipanga kwa mteremko wa nyuzi kama 25. Kwenye ndoo nyembamba kichuguu kitafika sentimeta 7 na kubeba lita 1.6 hivi, yaani nyongeza ya asilimia 8. Kwenye ndoo pana kitapita sentimeta 9 na kubeba lita 3.9, karibu asilimia 20. Zote mbili ni ndoo ya lita 20! Ukizisawazisha kwa kijiti ziko sawa kabisa, na ukizijaza kwa kichuguu mwenye ndoo pana amekula mara mbili na zaidi. Anayenunua mpunga kwa sado, lile kopo la kupimia sokoni, asitazame urefu wa chombo, atazame upana wa mdomo wake.

Sasa twende Isyonje kwenye viazi. Lumbesa mnaijua: gunia limeshindiliwa hadi kinywa hakifungi, likavishwa kilemba cha kamba. Tuseme gunia linauzwa shilingi 70,000. Likiwa na kilo 100, mkulima amepata 700 kwa kilo. Likiwa na kilo 140, amepata 500. Bei ya gunia haikusogea hata shilingi, lakini bei ya kiazi imeshuka kwa asilimia 29 hivi. Akiuza magunia 50 ya namna hiyo, ametoa tani 2 za ziada, sawa na magunia 20 halali. Huo ndio mkate wa Kula, ila umegeuzwa.

Msomaji wa haraka atasema tatizo ni dalali mbaya. Msomaji wa Kula anauliza nani analipwa kwa gunia. Ushuru ukitozwa kwa gunia, kuli akilipwa kwa gunia, nauli ya lori ikikubaliwa kwa gunia, basi kila gharama inasukuma gunia livimbe. Mnunuzi anayejaza kilo 140 badala ya 100 amegawanya gharama zote tatu kwa kilo nyingi zaidi. Mkulima akikataa, mnunuzi anasogea shamba la jirani, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havingoji: vikikaa juani vinageuka kijani, vikikaa ghalani vinachipua. Sheria inayosema gunia lisizidi kilo 100 inapambana na nguvu hizo zote kwa wakati mmoja, na mizani barabarani inamkuta mkulima ameshauza. Ukitaka lumbesa ipungue, hamisha hayo malipo matatu kutoka gunia hadi kilo. Sisemi ni rahisi. Kuuza kwa kilo kunahitaji mizani shambani, na mizani iliyohakikiwa. Wafaransa walipoandika malalamiko yao kwa mfalme mwaka 1789, vijiji vingi viliomba kipimo kimoja kwa nchi nzima. Mfumo wa metriki ukatungiwa sheria mwaka 1795, lakini vipimo vya zamani viliendelea kutumika masokoni kwa miongo mingi baadaye.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Kitabu kikishakuonyesha kipimo, utakiona hata pale mwandishi hakukitaja.

Tukija kwa wachumi wenyewe, Adam Smith, The Wealth of Nations, 1776. Wengi hufungua ukurasa wa kwanza, wanakutana na kiwanda cha pini, watu 10 wanatoa pini 48,000 kwa siku, wanafurahi na kufunga kitabu. Sogeeni hadi sura ya tatu ya kitabu cha kwanza. Pale Smith anapiga hesabu ya usafirishaji kati ya London na Edinburgh. Gari moja la magurudumu mapana, watu 2 na farasi 8, linachukua karibu wiki 6 kwenda na kurudi na tani 4 za mzigo. Meli yenye watu 6 au 8 inabeba tani 200. Kwa hiyo tani 200 barabarani zinahitaji magari 50, watu 100, farasi 400. Hoja yake ni kwamba kazi hugawanyika mpaka pale soko linapofika, na soko hufika mpaka pale usafiri unapolibeba.

Rudieni hesabu hiyo kwa barabara yetu. Lori la tani 30 lina dereva na utingo. Tani 200 ni malori 7, watu 14. Kutoka 100 hadi 14: injini imekaribia kuifuta faida ya maji aliyoiona Smith, angalau kwa upande wa vibarua. Lakini dizeli na matairi vimechukua nafasi ya farasi, na kuna gharama asiyoipa uzito, nayo ni kungoja. Lori lililosimama foleni mpakani Tunduma halichomi mafuta mengi, ila mkopo wake unaendelea kukomaa na dereva anakula. Kwa hilo someni Marc Levinson, The Box, kitabu cha 2006 kuhusu kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Kupakia shehena ya kawaida kwa mikono kulikadiriwa dola 5.83 kwa tani. Kwa kontena, chini ya senti 16. Kilichoshuka ni gharama ya kusimama bandarini. Na kwa reli yetu, yaani TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kuna kitabu cha Jamie Monson cha 2009. Uzuri wake ni kwamba hakuishia kwenye siasa za mkopo wa Wachina. Alitazama pia vifurushi na mizigo midogo ya wakulima na wachuuzi waliokaa kando ya reli.

George Akerlof, 1970. Hiyo ni makala ya kurasa 13, na majarida matatu yaliikataa kabla ya kuchapishwa. Anazungumzia magari yaliyotumika, nyinyi wekeni mbegu. Tuseme mfuko mzuri una thamani ya 10,000 na wa bandia 4,000, sokoni viko nusu kwa nusu na kwa macho havitofautiani. Mnunuzi mwenye akili hatoi zaidi ya 7,000. Mwenye mbegu nzuri anaondoka, kwa sababu hauzi kwa hasara. Sasa uwezekano wa kupata bandia umepanda, mnunuzi anashusha tena. Kosa la kawaida la wanaoisoma ni kudhani suluhisho ni kuhimiza uaminifu. Mtu mwaminifu ndiye aliyeshatoka sokoni.

Fasihi. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, isomwe na kila anayetaka kufanya kazi benki. Tazameni jina kwanza. Shakespeare aliandika mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaandika mabepari, wengi. Hayo tayari ni maoni ya kiuchumi. Ndani yake, Antonio ana mali nyingi, ameitawanya katika meli mbalimbali ili moja ikizama nyingine zibaki. Darasani hilo husifiwa. Lakini mali yake yote iko baharini kwa wakati mmoja na mfukoni hana fedha, ndiyo maana anaingia mkataba wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Mwenye ekari za parachichi Rungwe ambazo hazijaanza kuzaa anaifahamu hali hiyo: tajiri asiye na ada ya shule. Na Shylock, yule mkopeshaji, ana lalamiko la kitaalamu kabisa, kwamba Antonio hukopesha bila riba na hivyo kushusha riba ya soko zima. Chuki za dini zimo, tena nyingi, lakini ushindani wa bei umo pia.

Kwa operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, soma vitabu viwili kwa pamoja. James C. Scott, Seeing Like a State (1998), ana sura nzima juu ya Tanzania: anaeleza serikali inavyopenda kijiji kilichonyooka kwa sababu kinahesabika. Kisha Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, 1979, ambamo unaliona jambo hilo kutoka chini. Scott peke yake humfanya msomaji ajione mjanja kuliko serikali zote.

Elinor Ostrom, Governing the Commons, 1990, anaandika juu ya mali inayotumiwa na wengi kwa pamoja, kama malisho na maji. Tunamhitaji kwa sababu ya bonde la Usangu, maana tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi. Anataja kijiji cha Törbel, Uswisi, chenye kanuni ya mwaka 1517: hakuna ruhusa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko uliowalisha majira ya baridi. Kanuni hiyo hujisimamia, maana zizi la jirani unaliona. Wasiwasi wangu ni wanaokariri kanuni nane za Ostrom za kusimamia mali ya pamoja kama maelekezo ya dawa. Mwenyewe aliandika pia palipoharibika, kama uvuvi wa Bodrum na Izmir kule Uturuki. Mfereji mmoja wenye watu wanaojuana ni Törbel. Bonde zima, lenye mpunga juu na bwawa la Mtera chini, ni jambo jingine.

Sasa namna ya kusoma. Penseli na daftari lenye safu tatu: anapima kwa nini, nani analipa, kitu gani kingeonyesha amekosea. Kurasa 20 kwa siku zinamaliza kitabu cha kurasa 300 kwa siku 15. Kwa Smith, rukeni ule mchepuko mrefu kuhusu thamani ya madini ya fedha katika sura ya 11, utawaua. Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni kubadili fedha za zamani kuwa shilingi za leo. Msifanye hivyo, badilini kuwa siku za kazi: kibarua wa wakati ule angefanya kazi siku ngapi kukipata kitu hicho, na wa leo hapa Mbeya siku ngapi?

Vingi kati ya hivi viko kwa Kiingereza. Kundi la watu sita ligawane sura, kila mmoja ailete ya kwake kwa Kiswahili. Mpeni dakika 15. Akikwama kwenye neno, simameni hapo mpaka lipatikane, kwa sababu mara nyingi hata mwandishi alikuwa amepita juujuu mahali hapo. Anzeni na sura ya tatu ya Smith, ni fupi. Na mwenye ndoo pana aje nayo.