Anza na Jiwe: Kupiga Picha za Michoro ya Mchanga Kando ya Ziwa Viktoria

AKELLO: Karibuni, wasikilizaji wetu wapendwa. Leo tunazungumzia namna ya kupanga picha ya michoro ambayo maji huichora mchangani kwenye ufuo wa miamba, na kwa kuwa Uganda haina bahari, mifano yetu itatoka kando ya Ziwa Viktoria, hasa Entebbe na visiwa vya Ssese. Kaka Mugisha, mtu akifika ufuoni na kamera yake, aanze kutazama nini?

MUGISHA: Asante, dada Akello. Aanze na jiwe, kisha ndipo autazame mchanga. Wengi huvipiga picha vituta vya mchanga peke yake, na picha hupendeza kama kitambaa chenye mistari, lakini mtazamaji haoni ni kitu gani kilichovifanya vipinde. Chukua kokoto moja iliyozama nusu mchangani. Wimbi linaporudi ziwani, maji huigonga kokoto hiyo upande wa nchi kavu, yakachimba kishimo chenye umbo la mwezi mwandamo, kisha yakagawanyika na kuacha mifereji miwili inayopanuka kuelekea ziwani. Jiwe, kishimo na mifereji vikiwa pamoja ndani ya fremu, jicho huufuata mwendo wa maji yenyewe.

AKELLO: Basi mpiga picha asimame wapi?

MUGISHA: Mimi husimama upande wa nchi kavu, lenzi ikielekea ziwani, ili kokoto ikae chini ya fremu na mifereji ifunguke kuelekea majini. Kamera huiweka usawa wa magoti. Ukiishusha hadi karibu na ardhi, vituta hufunikana na nafasi zilizo kati yake hupotea. Ukiipandisha juu ya kichwa, kila kitu huonekana bapa.

AKELLO: Na picha iwe kali kuanzia kokoto hadi miamba ya mbali?

MUGISHA: Kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, na lenzi ya milimita 24 iliyowekwa f/11, yaani tundu dogo la kupitisha mwanga, ukielekeza fokasi umbali wa mita 1.75 hivi, utapata ukali unaokubalika kuanzia karibu sentimita 90 hadi mwisho wa macho. Wanaotumia simu hawana haja ya kuhangaika sana na hesabu hii.

AKELLO: Tuzungumzie mwanga, maana naamini hapo ndipo sisi tunaoishi kwenye ikweta tunapodanganywa na mafunzo yaliyoandikwa Ulaya.

MUGISHA: Ni kweli kabisa. Huku jua hupanda karibu wima, takribani nyuzi 15 kwa saa. Kituta chenye kimo cha sentimita 1 hutupa kivuli cha karibu sentimita 4 saa moja baada ya jua kuchomoza, lakini ikifika saa tatu baada ya kuchomoza, kivuli hicho kimebaki sentimita 1 tu, na mchoro umefifia mbele ya macho yako. Kwa hiyo jiwe lako lichague jioni iliyotangulia. Zingatia pia mwelekeo: vituta vya mawimbi kwa kawaida hulala sambamba na ukingo, na mwanga unaotoka ziwani huvikata kwa upana wake. Katika fukwe za Entebbe zinazotazama mashariki, asubuhi ukigeuka kuutazama urefu wa ufuo, jua litakuja ubavuni mwako na kila kituta kitakuwa na upande wa mwanga na upande wa giza.

AKELLO: Wenzetu wa Mombasa husoma jedwali la maji kupwa na maji kujaa. Sisi je?

MUGISHA: Kwao maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti huweza kupita mita 3. Ziwani mabadiliko hayo ni madogo mno, kwa hiyo sisi tunausoma upepo. Mchana upepo hutoka ziwani na kusukuma mawimbi. Usiku hugeuka na kutoka nchi kavu, na mara nyingi alfajiri ukingo huwa umetulia, mchanga uliolowa ukiwa wazi na haujakanyagwa. Usiitegemee picha ya zamani pia, kwani mwaka 2020 ziwa lilipanda sana na kufunika fukwe nyingi.

AKELLO: Nawasihi wasikilizaji wavae gambuti, kwa sababu kichocho kipo ziwani humu, na wakifika mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga, wawaombe wavuvi ruhusa kabla ya kuwapiga picha wao au mitumbwi yao. La mwisho, kaka: anga tuiachie nafasi kiasi gani?

MUGISHA: Ikiwa nyeupe bila mawingu, ikate yote, uache jiwe na mchanga vijaze fremu. Mimi huacha ukanda mwembamba wa anga pale tu mifereji inapoelekea kisiwa kinachoonekana ng'ambo, kwa kuwa hapo jicho lina mahali pa kufikia.