Muziki wa Chinichini Usiofunika Tangazo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mlioniomba nizungumze leo mlitaka kujua namna ya kuingiza muziki wa chinichini kwenye mfumo wa matangazo. Nitafika huko, lakini nianze na kisa kimoja.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ukumbi wa kusubiria abiria. Mitambo ilikuwa mipya na muziki ulisikika safi kabisa. Lalamiko lao lilikuwa moja: watu wanaachwa na safari. Sikufungua kabati la mitambo kwanza. Nilikaa kwenye benchi, jirani na mzee mmoja aliyeshika tiketi mkononi. Kengele ikalia, binti wa matangazo akasema maneno kama kumi. Mimi, mwenye masikio ya kazi hii, nilishika mawili tu: "abiria" na "asante". Mzee akanigeukia, "Mwanangu, kasemaje?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile sifungi mfumo wowote bila kulikumbuka swali hilo. Muziki ni mgeni kwenye mfumo wa matangazo. Mwenye nyumba ni sauti ya mtu anayetangaza, na mgeni hukaa pale mwenyeji anapomwonyesha.

Nilipofungua kabati niliona maiki na kicheza muziki vimechomekwa kwenye njia mbili za kawaida za amplifaya, kila kimoja na kitufe chake cha sauti. Tangazo likija, muziki unaendelea vilevile. Fundi aliyetangulia alipiga hesabu yake vizuri tu: kelele za watu desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), muziki desibeli 60, tangazo desibeli 70. Karatasini tangazo liko juu kwa desibeli 10, na kiwango hicho kinatosha maneno kueleweka. Lakini kelele ya 60 ikikutana na muziki wa 60 haibaki 60, inakuwa 63. Pale pale tangazo limebakiwa na desibeli 7. Jioni ukumbi ukijaa, kelele peke yake inafika 66, na hapo mwenye nyumba kashasukumwa ukutani.

Kuna jambo jingine baya zaidi, nalo linatoka kwa watu wenyewe. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Kwa hiyo ukiongeza muziki, watu wanaongea kwa nguvu zaidi. Wakiongea kwa nguvu, mhudumu anaona muziki umepotea, anaongeza tena. Nimekuta vitufe vimefikishwa mwisho kwa mtindo huu, na kila aliyevigusa alidhani anasaidia.

Basi utaratibu wangu ni huu. Nenda na kipima sauti ukumbini saa ya watu wengi, si asubuhi kukiwa kutupu. Andika kelele. Halafu weka tangazo, desibeli 10 au zaidi juu ya kelele hiyo. Tangazo likishakaa sawa, ndipo ulete muziki, nao ukae sawa na kelele au juu yake kidogo sana, mradi ushuke kila tangazo linapokuja, kama nitakavyoeleza mbele. Anayeanza na muziki atajikuta anaitafutia sauti ya mtu mwanya ambao haupo.

Sasa spika. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana makosa mengi huzaliwa darini kabla hata amplifaya haijawashwa. Mwenye jengo mara nyingi anataka spika mbili kubwa ukutani, mbele. Mahali pa wazi sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. Aliye mita 1 na aliye mita 16 wanapishana desibeli 24. Ndani ya ukumbi kuta zinarudisha kiasi, ni kweli, ila kinachorudi ni mwangwi, na mwangwi hausaidii maneno kueleweka. Wa mbele anaziba masikio, wa nyuma anauliza kasemaje.

Tawanya spika ndogo nyingi na kila moja iongee kwa upole. Chukua dari la mita 3. Sikio la mtu aliyesimama liko kama mita 1.5 kutoka sakafuni, kwa hiyo kati ya spika na sikio kuna mita 1.5. Spika inayotawanya sauti kwa nyuzi 90 itafunika duara la upana wa mita 3. Ukumbi wa mita 18 kwa 9 utahitaji spika 18, safu tatu za sita sita. Kwa muziki peke yake ungeweza kuzipunguza. Kwa tangazo usipunguze, kwa sababu sauti kali za juu, zile zinazobeba konsonanti, husambaa kwa ufinyu kuliko besi.

Zote 18 zifungwe kwenye laini ya volti 100, kila moja na transfoma yake, kifaa cha kushusha volti hizo ziifae spika. Faida yake ni hii: kupeleka wati 100 moja kwa moja kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) unahitaji karibu ampea 3.5, lakini kwa volti 100 unahitaji ampea 1 tu, na waya mwembamba unatosha safari ndefu. Transfoma huwa na ncha kadhaa za kuchagua nguvu itakayofika kwenye spika: wati 6, wati 3, wati 1.5, wati 0.75. Kwa ukumbi wetu chagua 1.5. Mara 18 ni wati 27. Ongeza akiba ya asilimia 20 au 25, amplifaya ya wati 40 inabeba bila kuhema. Na mteja akisema hazitoshi, mweleze kwamba desibeli 10 zaidi ni nguvu mara kumi, yaani wati 270, na sikio litahisi sauti imeongezeka kama mara mbili tu.

Mkimaliza kufunga, msipime laini hii kwa mita ya kawaida ya omu mkaamini namba yake. Mita hiyo hutumia umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri, hivyo mtasoma nyaya za transfoma tu na mtadhani kuna shoti. Kuna kipimo maalumu cha laini za spika, kinachotuma mlio. Kitumieni. Na angalieni rangi za waya kila mahali. Spika moja ikigeuzwa nyaya, hiyo inavuta wakati jirani yake inasukuma. Ukisimama katikati yao besi inakimbia, sauti inakuwa kama imetobolewa. Ukisogea chini ya spika yoyote kati ya hizo mbili unasikia vizuri tu, ndiyo maana kosa hili hukaa miaka bila kuonekana.

Kuhusu besi kuna mtego. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za kati. Muziki wa chinichini ni mdogo kwa asili yake, basi kila mtu anashawishika kupandisha besi. Lakini transfoma ndogo za laini haziwezi besi nzito. Zinajaa sumaku, sauti inakwaruza, na amplifaya inatwishwa mzigo. Kata kila kitu chini ya hezi 80 au 100, yaani mitetemo 80 au 100 kwa sekunde, kisha kama ni lazima nyanyua kidogo pale juu ya mkato. Muziki utasikika mnono na hakuna kitakachoungua.

Tuje kwenye kipaumbele, jambo lililokosekana kwa yule mzee. Amplifaya nyingi za matangazo zina njia ya maiki inayoshusha muziki. Nyingine zinasubiri kusikia sauti ndipo zishushe, na kwa hizo silabi ya kwanza humezwa. Mimi huchagua maiki yenye kitufe: ukibonyeza tu, muziki umeshashuka hata kabla ya kengele kulia. Ushuke haraka, na tangazo likiisha urudi taratibu, sekunde mbili au tatu. Ukirudi kwa kishindo unafuta neno la mwisho kichwani mwa msikilizaji, na mara nyingi neno la mwisho ndilo lenye namba ya mlango.

Kitufe cha ukutani nacho kina hatari yake. Mhudumu akichoshwa na muziki atauzima, na ni haki yake. Lakini kitufe cha kawaida kinazima tangazo pamoja nao. Tafuteni kile chenye rilei ndani, yaani swichi inayowashwa kwa umeme: tangazo likija, volti 24 zinakwenda kwenye rilei na spika inarudi kwenye sauti kamili, hata kama kitufe kiko sifuri. Ni waya mmoja au miwili ya ziada. Na tangazo la moto halishushi muziki, linaukata kabisa. Hapo msikubali kujadiliana na mtu.

Msinielewe kwamba naudharau muziki. Jenerali mmoja wa jeshi la Marekani, George Squier, ndiye aliyeanzisha biashara ya kupeleka muziki kwa waya, na mwaka 1934 akaipa jina la Muzak. Mwaka 1982 mtafiti Ronald Milliman alichapisha utafiti wa duka kubwa: muziki wa taratibu ulipopigwa, wanunuzi walitembea polepole na mauzo yakawa juu kwa asilimia 38 hivi kuliko ulipopigwa wa haraka. Alichokipima pale ni mwendo wa muziki. Kwa hiyo mteja akitaka muziki wake ufanye kazi, msaidieni kuchagua nyimbo badala ya kumwongezea wati. Na nyimbo ziwe na sauti zinazolingana, msizichanganye za kunong'ona na za kupiga kelele. Halafu mkumbusheni leseni ya hakimiliki, maana akaunti ya kusikiliza nyumbani hairuhusu kupiga muziki mbele ya umma.

Kwenye ule ukumbi nilibadilisha maiki, nikaweka kipaumbele, nikashusha muziki, nikaongeza spika nyuma. Kisha nikamwomba binti wa matangazo asome maneno manne ninayoyatumia hadi leo: kaa, taa, paa, saa. Yanapishana konsonanti moja tu, ile ya mwanzo. Asome bila mpangilio, muziki ukiwa umewashwa, na mtu aliyesimama kona ya mbali ayaandike. Akikosea hata moja, bado hatujamaliza.

Karatasi na kalamu ziko mlangoni, kila mmoja achukue. Tunakwenda ukumbi wa pili sasa, muziki unapigwa. Asubuhi nimegeuza nyaya za spika moja kati ya kumi na mbili zilizomo humo. Tembeeni polepole kati ya safu, msisimame chini ya spika, na atakayesikia besi inakimbia anyooshe mkono.