Mume wangu tumemrudisha kwao

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Karibuni tena hapa Glasgow. Leo sipiki, jamani, leo tunaongea. Tangu msiba wengi mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa upole na wengine bila breki: eti ni kweli mume wako mlimchoma? Ni kweli. Na majivu yake tumeyatawanya, mimi, watoto, mama mkwe na wifi yangu. Asiyetaka kusikia habari hizi aruke video hii, hatutagombana.

Huku walio wengi huchomwa, ni jambo la kawaida kabisa. Hata kwetu Afrika Mashariki si jambo geni kama tunavyojifanya. Ndugu zetu Wahindu wanachoma miaka yote, na Profesa Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 alichomwa pale Kariokor, Nairobi, kwa wosia wake mwenyewe. Mume wangu naye aliacha wosia. Alisema asiwekwe sehemu moja, yeye hakuwahi kutulia sehemu moja.

Siku ya kukabidhiwa nilishtuka kwa uzito. Majivu ya mtu mzima ni kilo mbili, hata tatu. Na si ule unga mwepesi wa jikoni. Kinachobaki baada ya tanuri ni mifupa, halafu inasagwa kwa mashine, kwa hiyo yana chengachenga, rangi ya kijivu inayokaribia weupe. Nawaambia hivi ili siku likikukuta usije ukafungua ule mkebe mbele ya watoto kabla hujajiandaa.

Sasa, mimi ni Mchaga wa Kibosho, tena Mkatoliki. Kanisa letu limeruhusu kuchoma tangu 1963, lakini hati ya Vatikani ya 2016 inasema majivu yasitawanywe, si hewani, si ardhini, si majini. Mume wangu alilelewa Kanisa la Uskoti na baadaye hata huko hakuwa akienda, kwa hiyo hati ile haikumhusu yeye. Ilinihusu mimi niliyeshika mkebe. Niliomba, nikalala nayo, nikaomba tena. Mwisho niliona wosia wa mtu niliyeapa naye altareni siwezi kuuvunja kwa sababu tu yeye hawezi tena kunijibu. Anayeona nimekosea ana haki yake.

Kilichonisumbua zaidi ni nyumbani. Kwetu mtu anazikwa kihambani, kwenye migomba ya baba zake, na watoto wanajua babu yuko hapa na bibi yuko pale. Dada zangu wakaanza: mlete hata nusu, tumzike huku, watoto wapate pa kwenda. Nikampigia baba mdogo, maana ndiye mzee aliyebaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo si mkwe wetu?" Nikasema ndiyo. "Sasa mkwe anazikwaje ukweni? Hana kwao? Mrudishe kwao, mama." Akakata simu, labda vocha iliisha.

Yaani wale waliokuwa wakinilaumu kwa kuacha mila, mila yenyewe ndiyo ilinipa ruhusa.

Kwao ni wapi basi? Kwenye karatasi ni Paisley, hapa jirani. Ila kila mtu aliyemfahamu angekwambia kwao ni kwenye ile reli inayotoka Glasgow Queen Street kwenda Mallaig. Tukapanda treni asubuhi, mkebe ukiwa kwenye begi lake lile la milimani, na mwanangu mkubwa hakukubali mtu mwingine alibebe. Treni ikifika Rannoch unaona kinamasi cha mboji mpaka macho yanachoka. Pale wajenzi, miaka ya 1890, ardhi ilikuwa inameza kila kitu, ikabidi waifanye reli ielee juu ya kitanda cha mizizi ya miti, matawi, na maelfu ya tani za udongo na majivu. Baba watoto aliisimulia hadithi hiyo kila safari, kila safari! Tulikuwa tunamzomea. Safari hii wifi ndiye aliyeisimulia, na hakuna aliyezomea.

Tukashuka Corrour. Hiki kituo hakina barabara ya umma inayofika, unakuja kwa treni au kwa miguu. Mama mkwe magoti yamekataa milima, akabaki kituoni na chai yake. Sisi tukapanda Beinn na Lap, mita 935. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale wanaopanda milima yote 282 ya Uskoti inayozidi futi elfu tatu, wanaiita Munro, na huu wengi huuacha uwe wa mwisho kwa sababu ni mrahisi na treni inakusubiri chini. Yeye aliuacha. Hakuufikia.

Hatukumwaga kileleni. Watu wamemwaga sana kwenye vilele vya Uskoti mpaka wapenda milima wenyewe wakaomba iachwe, maana mifupa ina fosfeti na kalsiamu nyingi, na mimea ya kule juu imezoea udongo usio na rutuba. Ukiirutubisha unaiua, zinaota nyasi zisizo za pale. Tulishuka mteremkoni, mbali na maji, nilikuwa nimeshawaandikia wenye eneo wakanijibu vizuri. Upepo mpe mgongo na mikono iwe chini karibu na ardhi. Usirushe kama kwenye filamu. Tulitawanya kidogo, eneo pana. Usubi walituuma, sitawadanganya, dua ilikuwa fupi.

Kesho yake tukaenda Morar, ule ufukwe wa mchanga mweupe, visiwa vya Eigg na Rum vikiwa mbele yako. Maji yalikuwa yanatoka. Mwanangu mdogo akauliza kama samaki watamla baba. Nikakosa jibu. Wifi akamwambia baba yako kala samaki wa bahari hii tangu akiwa mtoto, acha walipane. Jamani, tulicheka mpaka watu wenye mbwa wakageuka.

Fungu la mwisho halikuwa langu kuamua. Mama mkwe alisema waziwazi: "Nyie mnaweza kwenda na upepo, mimi nataka pa kukaa." Tukalizika Paisley kwenye kaburi la baba yake marehemu. Na hapo nikafanya la kwetu. Sale, ile mimea tunayopanda mpakani na makaburini, hapa wanauza kama maua ya sebuleni. Nilinunua kopo, nikachuma jani moja, nikaliweka. Mama mkwe akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la amani, na la kuombana msamaha. Akanyamaza, halafu akaomba na yeye apewe la kuweka. Kopo lenyewe sasa liko dirishani kwake na analimwagilia maji kupita kiasi, nimesema mpaka nimechoka.

Desemba tunakuja Kibosho wote, mama mkwe akiwemo. Baba mdogo kasema majivu hapana ila misa lazima, na beberu ameshatengwa. Mama mkwe anaulizia kama kwetu chai inakuwa na maziwa. Mwambieni nyie, mimi haniamini.