Utepe Unaobanduka: Kupamba Nyumba Isiyo Yako

Asanteni kwa kunikaribisha. Naona wengi humu ni wapangaji, kwa hiyo nianze na jambo mnalolijua: mwenye nyumba hataki msumari ukutani. Gundi nayo hataki. Siku ya kuhama anapita chumba kwa chumba akikagua. Leo nazungumzia pambo ambalo likitolewa vizuri halimwachii cha kukudai.

Utepe huu wa karatasi wenye maua na mistari, mnaouona madukani karibu na kalamu za rangi, ulianzia gereji. Wakati ule Marekani magari ya rangi mbili ndiyo yalikuwa fasheni. Mafundi wakifunika upande mmoja ili wapulize mwingine, walibandika karatasi kwa gundi kali, na wakiibandua inaondoka na rangi mpya. Mwaka 1925 Richard Drew wa kampuni ya 3M akawatengenezea tepu inayoshika kiasi, kisha inaachia. Fundi wa hapa mtaani anayefunika vioo vya gari kwa tepu ya njano anatumia ujuzi huohuo.

Maua yalitoka Japani. Kampuni ya Kamoi Kakoshi, mjini Kurashiki, ilianza mwaka 1923 ikitengeneza karatasi za kunasia nzi. Mnacheka, lakini aliyezoea kunasa nzi anaijua gundi! Baadaye ikaingia kwenye tepu za mafundi. Mwaka 2006 wanawake 3 kutoka Tokyo, waliokuwa wakizichezea tepu hizo za kiwandani kisanaa, wakawapelekea kijitabu cha kazi zao na kuomba kukitembelea kiwanda. Kutokana na ziara hiyo kampuni ikaanza kutoa tepu za rangi na nakshi kwa ajili ya watu kama sisi.

Sasa tazameni hapa. Nabandika kipande cha waridi kwenye karatasi nyeupe: kinang'aa. Kipande kilekile nakibandika kwenye karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari. Mmeona? Waridi limekufa. Karatasi yenyewe ni nyembamba, inaonyesha kilicho chini yake. Dawa ni kutanguliza ukanda wa karatasi nyeupe, kisha utepe juu yake. Na wenye ukuta wa bluu iliyokolea msinunue nakshi hafifu, mtatupa pesa.

Kuhusu ukuta, pitisha kiganja kwanza. Kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa, achana nayo: gundi itashika vumbi, na asubuhi pambo lote liko sakafuni. Rangi ya mafuta haina taabu. Rangi ya maji jaribu kipande kidogo nyuma ya mlango, ukiache siku kadhaa. Mlango wa friji, vioo na vigae vinapokea vizuri, ila si karibu na jiko penye mvuke. Dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa pia silipendi, maana gundi hukauka na kubaki kwenye kioo.

Mwenye ukuta wa chokaa asikate tamaa. Pamba kwenye manila, kisha itundike hiyo manila penye msumari uliokwisha kuwapo.

Katika kupanga nakshi, kosa ninaloliona kila mara ni kumwaga maua kila mahali. Igeni kanga: pindo kwanza, halafu mji. Zungusha ukingo wa rangi iliyokolea, katikati acha nafasi ipumue, weka picha moja au maumbo machache. Kwenye kona, pitisha tepu mbili zipandane, weka rula mshazari kutoka pembe ya nje hadi ya ndani, kata zote mbili kwa wembe kwa mkupuo mmoja, kisha toa vipande vya ziada. Zinakutana bila kuonekana kiungo. Ila hilo lifanyike juu ya manila au kioo tu. Ukipitisha wembe ukutani utakata na rangi ya mwenye nyumba, na hapo tumerudi kwenye ugomvi. Ukutani kata kwa mkasi kabla hujabandika.

Tepu hii si rahisi kwa bei, kwa hiyo pigeni hesabu. Fremu ya sentimita 50 kwa 70 inakula mita 2.4 kwa mzunguko mmoja. Roli ya mita 7 inatoa fremu 2, na kinachobaki kinatosha kadi za mialiko au ukingo wa daftari. Wapo wanaopamba mpaka mswaki. Mimi sioni sababu.

Wakati wa kubandua, usivute kuja kwako. Kunja ncha irudi juu ya utepe wenyewe, uvute polepole ukifuata ukuta.

Haya, sogezeni meza. Mliokuja na watoto, wembe nitaushika mimi.