Siku ya Kwanza na Mfumo wa Kukusanya Data

Asanteni. Najua wengi mmekuja na kompyuta, mnataka tuweke programu tuone michoro ikitembea kwenye kioo. Subirini kidogo. Leo tunaanza na kipande cha waya na betri ndogo ya volti 1.5.

Chukua waya, unganisha chaneli ya kwanza, yaani mlango wa kwanza wa kuingizia ishara, na ethi (volti sifuri) ya kisanduku chenyewe cha kukusanya data, kisha soma namba. Inatakiwa iwe sifuri, au karibu sana na sifuri. Ikichezacheza, huo mchezo ndio kelele ya mfumo wako. Iandike, maana sensa (kihisi) yoyote utakayoifunga hapo itaongeza juu yake. Sasa toa waya, funga betri, na betri hiyohiyo uipime kwa mita ya kawaida. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, usisogee.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinigharimu. Niliwahi kurekodi joto la tanuri wiki nzima, mchoro umetulia, unapendeza. Kumbe waya ulikuwa umechomoka tangu siku ya kwanza, na nilichokuwa nasoma ni kivuli cha chaneli ya jirani. Visanduku vingi vina kigeuzi kimoja tu, kile kinachogeuza volti kuwa namba, kinachozihudumia chaneli zote kwa zamu. Chaneli isiyofungwa kitu haisomi sifuri, hubaki na chaji ya ile iliyotangulia. Wiki nzima ya kazi ikapotea, na ningeligundua kwa dakika mbili za betri.

Tuje kwenye hesabu, na hapa naomba mnifuate taratibu. Kisanduku cha biti 12 hukata upeo wake, yaani volti zote kinazoweza kusoma, vipande 4,096. Upeo ukiwa volti 0 hadi 10, kipande kimoja ni kama milivolti 2.4. Themokapo ya aina ya K, sensa ya joto ambayo wengi huanza nayo, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Gawanya. Kipande kimoja kinameza nyuzi 60 hivi! Utachemsha maji kutoka nyuzi 25 mpaka 95, na namba itaruka mara moja, pengine mbili, basi. Mtu hukimbilia kulaumu sensa, akanunua nyingine, na tatizo liko palepale. Kinachotakiwa ni kuikuza ishara kabla haijafika kwenye kigeuzi. Ikikuzwa mara 100, kipande kinashuka hadi nyuzi 0.6, na hapo unaanza kuona maji yakipata moto.

Kasi ya kusoma nayo ina mtego wake. Umeme wa majumbani katika nchi nyingi hupiga mara 50 kwa sekunde, kwingine 60, na mpigo huo hupenya kwenye nyaya ndefu. Ukisoma mara 49 kwa sekunde, mpigo wa 50 utajitokeza kama wimbi la polepole, moja kila sekunde, laini kabisa. Utaapa kwamba ni pampu au mashine inapumua. Kanuni inataka usome zaidi ya mara mbili ya mpigo wa kasi kuliko yote unaoingia. Mimi husoma mara kumi ya mpigo huo nikitaka kuona umbo lake. Kichujio cha kuzuia mipigo ya kasi nacho kikae kabla ya kigeuzi, kwa sababu wimbi la uongo likishaingia kwenye rekodi, huwezi tena kulitofautisha na la kweli.

Kwa joto la maji, kusoma mara chache kwa sekunde kunatosha.

Mwisho, hifadhi volti ghafi pamoja na nyuzi zilizokokotolewa. Ukigundua mwezi ujao kwamba ulikosea kipimo cha ukuzaji, utarekebisha fomula tu, data yako iko salama.

Haya, fungueni visanduku. Waya kwanza.