Mahali Kitu Kilipolala

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nieleze misingi ya akiolojia, elimu ya masalia ya kale, na anthropolojia, elimu ya watu na tamaduni zao, kwa lugha ya kawaida. Naomba nianze na sarafu.

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, askari wa Australia aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu chache mchangani. Akazitia koponi, akasahau. Hadi mwaka 1979 ndipo zilipofika mikononi mwa wataalamu wa makumbusho. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za Kilwa, za masultani waliotawala karne nyingi zilizopita. Kutoka Kilwa hadi Wessel ni takriban kilomita 10,000 za bahari.

Nani alizifikisha kule? Wako wanaosema kwa furaha kwamba ni mabaharia wetu. Huenda. Lakini sarafu haihitaji kusafiri na mwenyewe. Hupita mikononi mwa watu kumi, ikaangushwa na wa kumi na moja. Jibu lingetegemea mambo ambayo hakuna aliyeyaandika siku ile: zilikuwa kina gani, katika udongo gani, zimelala pamoja na nini. Baadaye yule askari alitia alama kwenye ramani, na tunamshukuru, ila alama kwenye ramani haituambii tabaka la udongo.

Hicho kilichopotea ndicho tunachokiita muktadha, na kwangu mimi ndicho kiini cha kazi yote hii. Watu hudhani mwanaakiolojia anatafuta vitu. Anayetafuta vitu tu ni mwizi wa makaburi. Sisi tunatafuta uhusiano wa vitu na mahali vilipolala.

Basi njooni shimoni. Umepiga magoti, mkononi una mwiko wa waashi, ule mdogo, ukingo umenolewa. Unakwangua udongo sentimita moja moja. Mara nyingi sikio hutangulia jicho: mwiko uliokuwa ukikwaruza unaanza kuteleza bila sauti. Unapiga brashi, unaona duara jeusi, udongo wake laini. Mtu alichimba hapa, akasimika nguzo, nguzo ikaoza, shimo likajaa udongo wa juu. Nguzo haipo, ila kivuli chake kimebaki. Ukipata vivuli kumi na viwili vimejipanga mviringo, umepata nyumba.

Hapo pia pana mtego. Tangu Nicolas Steno aandike juu ya miamba mwaka 1669, kanuni inajulikana: tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Lakini kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, kilichomo ndani ya lile shimo la nguzo, japo kiko chini zaidi, ni cha baadaye kuliko udongo unaolizunguka. Asiyeona duara jeusi atakiandika kuwa cha kale, na kosa lake litaingia vitabuni. Ndiyo maana tunachora kila kitu kabla ya kukigusa, maana kuchimba ni sawa na kusoma kitabu huku unachana kila ukurasa uliokwisha kuusoma.

Kuhusu umri sitakawia. Kiumbe hai hupokea kaboni kutoka hewani au kwenye chakula; kikifa, kinaacha, na kaboni 14 iliyomo, aina ya kaboni isiyodumu, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Willard Libby alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1960 kwa kutuonyesha namna ya kuihesabu. Baada ya kama miaka 50,000 hubaki kidogo mno kupimwa. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, zina zaidi ya miaka milioni 3.6, pale umri ulitokana na majivu ya volkeno, kwa njia nyingine kabisa. Na msisahau: maabara hukupa siku mti ulipoacha kuvuta hewa, si siku ulipotiwa motoni. Ukuni wa zamani huwadanganya wengi.

Mwanaanthropolojia naye ana udongo wake, ila wake unazungumza. Bronisław Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, kati ya mwaka 1915 na 1918, akapiga hema kijijini, akajifunza lugha. Aliona watu wakivuka bahari kubadilishana mikufu ya makombe mekundu, inayozunguka visiwa upande wa mishale ya saa, na bangili nyeupe za kombe zinazokwenda kinyume. Bangili nyingi ni ndogo hata mkono haupiti! Iweke kabatini, ni kombe tu. Heshima yake iko katika majina ya waliowahi kuishika, na hilo halionekani kwa darubini. Sharti ukae, uulize, uzoeleke. Malinowski mwenyewe, shajara yake ilipochapishwa mwaka 1967 akiwa amekwisha kufa, ilionyesha jinsi alivyokuwa akiwachukia wenyeji wake siku nyingine. Mtafiti naye ni sehemu ya muktadha.

Taaluma hizi mbili zilikutana vizuri pipani. Kuanzia mwaka 1973, mwanaakiolojia William Rathje na wanafunzi wake huko Tucson, Arizona, walichambua taka za watu kwa mbinu za akiolojia, wakalinganisha na majibu ya mahojiano. Bia zilizosemwa zilikuwa chache kuliko makopo yaliyokutwa. Msikimbilie kusema watu ni waongo. Pipa linaonyesha walichokunywa. Mahojiano yanaonyesha wanachodhani mtu anapaswa kunywa. Nikipewa kimoja, nitaomba na cha pili.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa mfuko wa vigae niuoshe. Nikaulowesha mzima, na lebo ya karatasi ikiwa ndani. Nilipoitoa, wino ulikuwa umekwisha: mraba namba ngapi, tabaka la ngapi, hakuna. Mkuu wa uchimbaji hakunigombeza. Aliutazama mfuko, akauweka kando na mingine isiyo na kwao. Vigae vilikuwa vizuri, vina nakshi ukingoni, na nilivisafisha sana.

Karibuni maswali.